Mbali na Nani?

Mwezi wa nane mwaka jana nilimsomea mjomba wangu insha niliyokuwa nimeiandika kuhusu safari ya siku tisa kwa gari na hema. Tulikuwa Chinongwe, wilayani Ruangwa, kwenye kibaraza cha nyumba ya bibi. Mjomba alikuwa anashona midomo ya magunia ya mbaazi, sindano ndefu mkononi, kamba ya katani mdomoni. Insha ilianza hivi: "Ukitoka Nachingwea kuelekea ndani, dunia inaanza kuisha polepole." Nilikuwa naipenda sana sentensi ile. Niliifanyia kazi siku mbili. Mjomba hakusema kitu mpaka nilipomaliza ukurasa wa kwanza. Akatoa kamba mdomoni, akauliza, "Ndani ya nini, dada?"

Huniita dada kwa sababu nina jina la dada yake mkubwa, marehemu. Nitarudi kwake.

Sikuwa na jibu. Swali hilo limenifanya nisome upya vitabu ninavyovifanyia utafiti wa shahada ya uzamili, ambavyo ni masimulizi ya safari, na pia niangalie upya video ninazotazama usiku wakati ambapo ningepaswa kuwa ninavisoma vitabu hivyo.

Kama na wewe ni mtazamaji wa video za safari za gari, unajua zinavyoanza. Droni inapaa. Chini, gari moja jeupe linapasua vumbi jekundu, nyuma yake mlima. Sauti inasema kwamba hapa ni pembezoni kabisa, hakuna mtandao, hakuna watu. Baadaye tairi linapasuka, jeki inatolewa, mwanaume mwenye kofia analala chini ya gari. Jioni kuna hema, moto na nyota. Ziko za Sani Pass, kati ya Afrika Kusini na Lesotho. Ziko za Pamir na za Turkana. Siku hizi ziko na za kwetu, zimetengenezwa na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wenye Kiswahili kizuri na kamera nzuri zaidi. Sizidharau. Zimenifundisha kupunguza upepo wa tairi kwenye mchanga, na zimenipa hamu ya kuiona nchi yangu kwa macho badala ya kuisoma kwenye ramani ya darasani. Safari ninayoisimulia isingekuwepo bila hizo.

Ila ukizitazama nyingi mfululizo, kama mtu anayesoma mashairi ya bahari moja, unaanza kusikia mizani. Njia lazima iwe mbovu, maana ikiwa nzuri hakuna hadithi. Mahali lazima pawe patupu, maana watu wakionekana wengi ushujaa unapungua. Mwisho lazima tufike juu, na tukifika, tutazame chini. Watu wakitokea, wanatokea kwa kupunga mkono.

Sisi tulikuwa wanne, na Land Cruiser kuukuu ya baba yake mmoja wetu. Tulilala kwanza Chinongwe, kwenye hema, uani kwa bibi, jambo lililomfanya bibi aulize mara mbili kama ndani ya nyumba kuna kitu kilichotuudhi. Kutoka hapo tukashika Nachingwea, Masasi, Mangaka, Tunduru, Songea. Wazazi wetu wakisikia "Tunduru" bado wanashika kichwa, kwa sababu wanakumbuka magari kulala njiani siku kadhaa. Sisi tulipita juu ya lami tukisikiliza muziki. Na hapa niseme jambo la aibu: tulisikitika. Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam kutafuta njia mbovu, tukakuta watu wamepata barabara.

Tulifarijika Chimala. Ukiwa kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, hapo unaiacha lami na kuanza kuupanda ukingo wa milima kuelekea Matamba, wilayani Makete. Njia hiyo inaitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Tuliyoipanda sisi ilikuwa ya changarawe, nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine hewa tupu. Nilianza kuhesabu kona, nikapotelea kwenye thelathini na moja. Klachi ilianza kunuka. Kila tulipogeuka, bonde la Usangu lilikuwa limeshuka zaidi, na mashamba ya mpunga yaliyovunwa yakawa viraka vya rangi ya mkate. Juu kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Usiku ule tulipiga hema karibu na uwanda wa Kitulo, tukavaa nguo zote tulizobeba, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa muda mrefu. Sitaki hoja yangu ipite juu ya furaha hiyo kana kwamba haikuwepo, wala kana kwamba ilikuwa kosa.

Karibu na katikati ya mlima tulikutana na Fuso ikishuka na viazi, magunia ya lumbesa yamepandana juu ya bodi. Tukasimama kupisha. Kona ilikuwa kali mno kwa lori lile kuikata mara moja, kwa hiyo dereva aliikata kwa awamu tatu: mbele, nyuma, mbele. Kila alipotaka kubadili gia, utingo aliruka chini na kusukuma kigogo mbele ya tairi la nyuma ili mzigo usilivute lori kwenda bondeni, kisha akakichomoa na kukimbia nacho. Alivaa kandambili. Katika insha yangu, yote hayo yalikuwa sentensi moja: "Lori la viazi lilituchelewesha kidogo." Aya tatu zilizofuata zilihusu mandhari.

Niliporudi kwenye vitabu vyangu, nilikuta kwamba sikuwa wa kwanza kuandika hivyo kuhusu Kusini.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alishuka Lindi na kutembea kuelekea Masasi na Newala. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeikumba nchi hiyo mwaka mmoja tu nyuma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 kwa Kijerumani, na mwaka uliofuata kwa Kiingereza. Ni kitabu cha mtu mdadisi kweli: alibeba mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, na aliketi na watu akirekodi nyimbo zao. Aliyebeba, kwa usahihi, si yeye. Wapagazi wake, wengi Wanyamwezi, ndio waliobeba mashine, hema, kitanda na vyombo vya kupikia. Katika masimulizi yake nchi inaanzia ufukweni, ambako kuna meli na barua, na kila hatua ya kuelekea bara ni hatua ya kuzama. Nilipokisoma tena niliitambua sentensi yangu. "Kuelekea ndani." Nilikuwa nimeirithi bila kujua, kama mtu anavyorithi mwendo wa mjomba wake.

Lakini kitabu hichohicho kina kitu kinachombishia mwandishi wake. Weule aliwapa watu karatasi na penseli akawaomba wachore, na kati ya michoro aliyoichapisha imo ramani ya njia kuu ya misafara pamoja na vituo vyake vikubwa, kazi ya mtu aitwaye Sabatele, Mmambwe. Ukiisoma ramani ya namna hiyo kama fasihi, unaona kwamba haina "ndani". Ina njia, na kwenye njia kuna kituo, kisha kingine. Kila kituo kina umuhimu wake, kwa sababu pale mtu alitua mzigo. Aliyebeba mzigo begani hawezi kusema kwamba kati ya hapa na pale hakuna kitu.

Miaka michache kabla ya Weule, mwaka 1901, Carl Velten alichapisha kule Göttingen mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wa pwani kwa Kiswahili chao. Yumo Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara na msafara wa biashara. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyekwenda Udoe na Uzigua. Yumo Salim bin Abakari aliyefuatana na tajiri wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akatuandikia kuhusu watu wa huko kwa mshangao uleule ambao Wazungu walikuwa wakiuandikia sisi. Kwake, pembezoni mwa dunia palikuwa kwenye theluji.

Kinachonivutia kwa Chande ni hongo. Leo neno hilo lina aibu, tunalitumia kwa rushwa. Kwake lilikuwa ushuru wa kupita, na linarudi tena na tena: msafara unafika kwa mtawala fulani, unasimama, mazungumzo yanafanyika, kitu kinatolewa, njia inafunguliwa. Haifurahishi kusoma, inachosha, kwa sababu na safari yenyewe ilichosha kwa namna hiyo. Ila jambo moja haliwezi kutokea katika masimulizi ya aina hiyo: msafiri hawezi kusema kwamba amepita nchi isiyo na mtu, maana ana orodha ya aliowalipa.

Sitaki kumfanya Chande kuwa mtakatifu wa kumpigia Weule. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilikwenda na bunduki, na mingi ilikwenda na watumwa. Na masimulizi yale yaliandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kijerumani, msomaji aliyekuwa na haja zake. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kwa Chande, njia ni uhusiano kati ya anayepita na anayekaa, hata pale uhusiano huo ulipokuwa mbaya. Katika video zetu, na katika insha yangu, njia imebaki kuwa uhusiano kati ya gari na mawe.

Sasa nirudi Nachingwea, mahali ambapo mimi niliandika kwamba dunia inaanza kuisha.

Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta hapo matrekta kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Walisafisha pori, wakajenga reli kuunganisha mashamba na pwani, wakajenga bandari yenye kina kirefu Mtwara ili mavuno yapate pa kupakiwa. Mavuno hayakuja, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli iliendelea miaka kadhaa, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa. Baada ya hapo, vijana wa FRELIMO wakafanya mazoezi Nachingwea, na Samora Machel akaishi hapo akiongoza vita vya kuikomboa Msumbiji. Kwa hiyo hapa ni mahali ambapo London iliwahi kupajadili bungeni, na ambapo nchi nyingine iliandaliwa. Treni ilifika, kisha ikaondoka.

Maana yake ni kwamba umbali wa Nachingwea, na wa Chinongwe nyuma yake, haukuumbwa pamoja na milima. Ulitengenezwa, ukapunguzwa, ukatengenezwa tena, na watu waliokaa ofisini wakipima faida. Njia mbovu ni uamuzi wa mtu, au ni uamuzi ambao mtu hajaufanya. Kosa la fasihi ya vumbi, kama naruhusiwa kuiita hivyo, ni kuuchukua uamuzi huo na kuutundika ukutani kama mandhari. Linapofanywa vizuri, kwa picha nzuri na sentensi tamu, ndipo linapokuwa kubwa.

Ningeweza kuyajua haya yote na bado nisione kosa kwenye insha yangu. Bibi ndiye aliyenionyesha, na hakuwa anafanya uhakiki.

Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, kwenye aya kuhusu siku ya kwanza. Tulipokuwa tunakuja Chinongwe, gari lilizama kwenye mchanga wa korongo kavu, tukakaa pale saa mbili tukichimba kwa sahani za chakula. Niliandika kwamba kilikuwa "kipande kitamu kuliko vyote vya safari". Bibi alikuwa jikoni. Sikujua kama anasikiliza.

"Korongo lipi hilo?" aliuliza.

Nikamweleza, kwa mwembe ulio karibu.

Akatoka akasimama mlangoni, akijifuta mikono kwenye khanga. "Mlikwama upande wa huku, au mlikuwa mmeshavuka?"

"Tulikuwa bado hatujavuka, bibi. Tulikuwa upande wa kule, wa Nachingwea."

"Sisi tulikuwa huku," alisema.

Nilikuwa naijua habari ile, lakini kwa namna ambavyo mtoto anajua habari za kabla hajazaliwa: kwamba mama mkubwa alifariki kwa uzazi, wakati wa mvua za El Niño, mwanzoni mwa mwaka 1998, na kwamba mimi nilipozaliwa mwaka uliofuata nikapewa jina lake. Hakuna aliyewahi kunitajia mahali. Bibi alinitajia jioni ile, bila kukaa. Wanaume sita walimbeba kwa kitanda cha kamba tangu alfajiri. Walipofika korongoni maji yalikuwa yamejaa, yanapita na miti. Wakamweka chini ya mwembe, wakangoja yapungue. Mjomba alikuwa mmoja wa wale sita, ana miaka kumi na tisa. Maji yalipungua kesho yake.

Bibi akarudi jikoni. Mjomba akatunga uzi kwenye sindano. Baada ya muda akaniambia niendelee kusoma.

Niliendelea, kwa sababu ningefanya nini kingine, na nilipokuwa nasoma nilisikia kila sentensi kwa masikio yake. Si kwamba zilikuwa za uongo. Tulicheka kweli pale korongoni. Sahani zilipinda kweli, na tulipotoka tulipiga kelele kama tumefunga goli. Sioni kwamba kifo cha mama mkubwa kinatukataza kucheka kwenye mchanga, na mjomba mwenyewe, nilipomuuliza, alishangaa swali langu. Lakini neno "kitamu" lilikuwa linategemea jambo ambalo sikulisema: kwamba sisi tulikuwa na njia ya kuondoka. Tulikuwa na maji lita arobaini, simu, na baba wa mtu wa kumpigia. Ugumu wa njia ulikuwa mchezo kwa sababu hapakuwa na kitu tulichokuwa tunakipeleka. Mtu anayepeleka mgonjwa, au korosho kwenye mnada, au viazi sokoni kabla havijaoza, anaijua njia ileile kwa jina jingine.

Hapo ndipo ninapotaka uhakiki wetu uanzie. Mara nyingi tunazihukumu insha za safari kwa uzuri wa maelezo na ukweli wa hisia. Kwa vipimo hivyo insha yangu ingefaulu. Ningependa tuulize pia swali la kizamani, swali la Chande: ulimlipa nani? Yaani ni nani aliyekupa nafasi ya kupita, aliyeichimba njia, anayeitumia kesho ukishaondoka, na yuko wapi kwenye ukurasa? Sidai kila simulizi ya kambi igeuke taarifa ya mhandisi wa barabara. Nadai kwamba mwandishi akisema "hakuna mtu", msomaji awe na haki ya kumuuliza kama alitazama.

Na tulipokuwa vijana wa mjini tunaokwenda vijijini kwetu wenyewe, deni letu ni kubwa zaidi, si dogo. Mgeni anaweza kusema hakujua. Mimi nililala uani kwa bibi, kwenye hema, nikaandika kwamba nimefika mwisho wa dunia.

Insha nimeiandika upya mara nne. Sentensi ya kwanza haipo. Korongo lipo, pamoja na mwembe, na kicheko chetu nimekiacha palepale, kimekaa pembeni ya ile asubuhi ya 1998 bila mimi kujaribu kuvipatanisha. Sehemu ya Matamba ndiyo iliyonishinda.

Nilipofika kwenye lori la viazi siku ile kibarazani, mjomba alinisimamisha mara ya mwisho. Katika ujana wake alikuwa utingo kwenye malori ya korosho, miaka minane, kabla mgongo haujamgomea. Alitaka kujua kuhusu kile kigogo. Kilikuwa cha mti gani? Kilikuwa kimechongwa kabari au ni gogo tu la mviringo? Kilikuwa na kamba ya kukivutia, au yule kijana alikuwa anaingiza mkono chini ya tairi?

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, na kamera shingoni. Nilikuwa naliangalia bonde.